Fahamu mfumo wa usimamizi wa ardhi na vyanzo vya maji, kuanzia bonde hadi kijiji

Mvua inayonyesha milimani Uluguru haisimami kwenye mpaka wa kata wala wa wilaya. Huteremka kwenye vijito, ikaingia Mto Ruvu, kisha ikasafiri hadi kwenye mitambo ya kusukuma maji inayowahudumia wakazi wa Pwani na Dar es Salaam. Mkulima anayelima kwenye mteremko bila makinga maji, mfugaji anayenywesha mifugo kando ya mto, mwenye pampu ya kumwagilia bustani na mkazi wa mjini anayefungua bomba wote wanategemea mfumo mmoja wa ardhi na maji, hata kama hawatakutana maishani.

Mwezi Oktoba 2022, pale kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mgao wa maji kutangazwa jijini Dar es Salaam, wananchi wengi walijiuliza ni nani hasa mwenye mamlaka juu ya mto. Je, ni Wizara, Mkoa, Halmashauri, kijiji au wenye mashamba ya kandokando? Jibu la kisheria ni kwamba mamlaka hayo yamegawanywa katika ngazi kadhaa, na kila ngazi ina wajibu wake. Makala haya yanaeleza ngazi hizo kwa upande wa Tanzania Bara, namna viongozi wake wanavyopatikana, mambo wanayoruhusiwa kuamua na nafasi ya mwananchi katika maamuzi hayo. Zanzibar ina sheria na taasisi zake za maji, ambazo hazimo katika maelezo haya.

Msingi wa kisheria

Sheria kuu ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya Sheria ya mwaka 1974 iliyohusu matumizi na udhibiti wa maji, na iliweka katika nguvu ya sheria misingi ya Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Inatamka kwamba maji yote nchini ni mali ya umma, na kwamba Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa maana hiyo, hakuna mtu, kampuni wala kijiji kinachomiliki mto au chemchemi, hata kama chanzo hicho kimo ndani ya mipaka ya shamba lake. Kinachotolewa ni haki ya kutumia, tena kwa masharti.

Ardhi inayozunguka vyanzo hivyo ina sheria zake. Zilizo muhimu kwa mwananchi wa kijijini ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982. Ndiyo maana uamuzi kuhusu chanzo kimoja cha maji unaweza kuhusisha ofisi zaidi ya moja. Maji husimamiwa kwa kufuata bonde, ilhali ardhi husimamiwa kwa kufuata mipaka ya utawala, yaani kijiji na halmashauri. Mwananchi anayefahamu tofauti hiyo hujua aanzie mlango upi.

Kwa nini bonde

Bonde ni eneo lote la ardhi ambalo maji yake huelekea kwenye mto, ziwa au bahari moja. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa: Pangani, Wami/Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Utaratibu huo ulitokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 1981. Bonde la Pangani lilikuwa la kwanza kuwa na ofisi yake, mwaka 1991, likifuatiwa na Rufiji mwaka 1993.

Sababu ya kuchagua bonde ni ya kimaumbile. Halmashauri iliyo juu ya mto inaweza kuruhusu matumizi makubwa ya maji bila kuona madhara yoyote kwake, kwa sababu madhara hujitokeza kwa walio chini. Mfano unaofahamika zaidi ni wa Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993, sehemu ya mto huo inayopita katika Hifadhi ya Taifa Ruaha imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi, hali inayohusishwa kwa kiasi kikubwa na matumizi ya maji katika Bonde la Usangu lililo juu yake. Mto huohuo ndio unaoingia kwenye mabwawa ya kufua umeme ya Mtera na Kidatu. Hapana halmashauri moja ambayo ingeweza kupima maslahi ya mkulima wa mpunga, mfugaji, wanyamapori na mtumiaji wa umeme kwa pamoja. Kazi hiyo ilihitaji chombo kinachouangalia mto wote.

Ngazi za usimamizi wa maji

Ngazi ya juu ni Wizara ya Maji, inayotunga sera na kusimamia utekelezaji wake. Waziri hushauriwa na Bodi ya Taifa ya Maji kuhusu uratibu wa mipango baina ya sekta na utatuzi wa migogoro inayovuka bonde moja.

Ngazi ya pili ni Bodi ya Maji ya Bonde. Hiki ndicho chombo chenye mamlaka ya kila siku juu ya maji. Mwenyekiti na wajumbe wake huteuliwa na Waziri kutoka sekta ya umma, sekta binafsi na watumiaji wa maji, kwa kuzingatia ushiriki wa wanawake. Ofisi ya bonde ina wataalamu wa maji juu ya ardhi, maji chini ya ardhi, ubora wa maji na maendeleo ya jamii. Majukumu yake ni kupima na kutunza takwimu za mvua na mito, kuandaa mpango wa usimamizi wa rasilimali za maji wa bonde, kutoa vibali, kukusanya ada, kudhibiti uchafuzi, kusajili jumuiya za watumia maji na kusuluhisha migogoro. Miongoni mwa ofisi hizo, ya Bonde la Pangani ipo Moshi, ya Wami/Ruvu ipo Morogoro, ya Rufiji ipo Iringa, ya Ziwa Victoria ipo Mwanza, ya Ziwa Rukwa ipo Mbeya, ya Ziwa Tanganyika ipo Kigoma na ya Bonde la Kati ipo Singida.

Ngazi ya tatu ni Kamati ya Maji ya Kidakio. Kidakio ni sehemu ya bonde inayokusanya maji ya mto mmoja au tawi lake. Kwa kuwa mabonde ni makubwa, kamati hizi huratibu mipango ya eneo lao, husuluhisha migogoro ya ndani ya kidakio na hutekeleza kazi nyingine zinazokasimiwa na bodi ya bonde.

Ngazi ya nne ni halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji. Halmashauri hazitoi vibali vya kutumia maji. Hata hivyo, zina wajibu mkubwa katika hifadhi ya vyanzo kwa sababu zinasimamia ardhi, kilimo, mifugo, misitu na mazingira katika maeneo yao. Zinaandaa mipango ya maendeleo ya wilaya, zinatunga sheria ndogo na zinaidhinisha sheria ndogo za vijiji.

Ngazi ya tano, iliyo karibu zaidi na mwananchi, ni Jumuiya ya Watumia Maji.

Jumuiya ya Watumia Maji

Jumuiya ya Watumia Maji huundwa kwa makubaliano ya walio wengi miongoni mwa watu wanaotumia chanzo kimoja. Wanaweza kuwa wakulima wenye mifereji, wafugaji, wavuvi, wenye viwanda, taasisi au vijiji vinavyochota kutoka mto mmoja. Baada ya kukubaliana huandika katiba, huchagua viongozi na kuomba usajili katika bodi ya bonde. Sheria inaipa jumuiya uwezo wa kusimamia, kugawa na kuhifadhi maji ya chanzo chao, kuomba na kumiliki kibali kwa niaba ya wanachama, kusuluhisha migogoro baina yao, na kukusanya ada kwa niaba ya bodi.

Kwa vitendo, jumuiya ndiyo inayopanga zamu za mifereji wakati wa kiangazi, inayofanya doria kwenye chanzo, inayopanda miti rafiki wa maji na inayotoa taarifa bodini pale mtu anapochepusha mto. Ofisi ya bonde yenye watumishi wachache haiwezi kufika kila kijito kila wiki, ilhali mwanachama wa jumuiya anaishi hapo.

Ni muhimu kutofautisha jumuiya hizi na vyombo vingine viwili vinavyofanana nazo kwa majina. Kwanza ni Vyombo vya Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii (CBWSO), vilivyo chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 na vinavyosimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Hivi huendesha miradi ya bomba na visima na hutoza bei ya maji yanayofika kwenye vituo na majumbani. Pili ni vyama vya wamwagiliaji, vilivyo chini ya Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 na vinavyohusiana na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Hivi husimamia miundombinu ya skimu. Jumuiya ya Watumia Maji inasimamia chanzo chenyewe, na vyombo vyote viwili vinavyochota kutoka chanzo hicho vinaweza kuwa wanachama wake. Malalamiko mengi huchelewa kutatuliwa kwa sababu hupelekwa kwenye chombo kisichohusika: bomba likikauka kwa kuharibika kwa pampu, mwenye dhamana ni mtoa huduma, likikauka kwa sababu mto umechepushwa, mwenye dhamana ni jumuiya na bodi ya bonde.

Kijiji na uamuzi juu ya ardhi

Maji yakisimamiwa vizuri huku ardhi inayoyazunguka ikiachwa imomonyoke, mto hujaa mchanga na chemchemi hukauka. Ardhi hiyo, kwa sehemu kubwa ya nchi, ni ardhi ya kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini na si kama mmiliki.

Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, akiwemo mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, na angalau robo yao wawe wanawake. Huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024. Juu yake upo Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowajumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea na ambao hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu.

Chombo chenye nguvu zaidi katika hifadhi ya udongo na maji ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Mpango huo hutenga maeneo ya makazi, kilimo, malisho, misitu, vyanzo vya maji na akiba ya baadaye. Huandaliwa kwa ushiriki wa wanakijiji pamoja na wataalamu wa halmashauri ya wilaya, na hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ili ukubaliwe. Kijiji kisicho na mpango huo hukosa pa kusimama pale mgogoro unapotokea, kwa sababu hakuna ramani inayoonyesha wapi kilimo kinaishia na wapi hifadhi ya chanzo inaanzia.

Mpango hutekelezwa kwa sheria ndogo. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, huiwasilisha kwenye Mkutano Mkuu ili wananchi watoe maoni, kisha huipeleka kwenye halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Sheria ndogo inaweza kuelekeza kulima kwa kukinga mteremko, kuchimba makinga maji, kupanda majani ya kuzuia udongo kwenye kingo za matuta, kuzuia uchomaji moto wa mashamba na kupanga njia za mifugo kwenda mtoni. Sheria ndogo ambayo haijaidhinishwa na halmashauri ya wilaya haina nguvu, na faini inayotozwa kwa kuitumia inaweza kupingwa.

Vilevile, kijiji kinaweza kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu na kuusimamia chenyewe kupitia kamati yake. Kwa vijiji vingi vya milimani, msitu huo ndio unaotunza chemchemi.

Suala la mita 60

Hakuna kifungu kinachozua maswali mengi vijijini kama kile cha mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa la asili, kingo za mto, bwawa au hifadhi ya maji. Lengo ni kuacha uoto unaochuja udongo na uchafu kabla haujaingia majini, na kuzuia kingo zisimomonyoke.

Ugumu wake ni halisi. Katika mikoa ya Iringa na Njombe, familia nyingi hutegemea vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevunyevu uliobaki ardhini. Katika mabonde ya mpunga na kandokando ya mito ya Kilimanjaro, mashamba mengi yalikuwepo kabla ya sheria kutungwa. Kumwondoa mkulima huyo bila maandalizi kunaweza kuhamisha tatizo kwenda kwenye mteremko mwingine, na kumwacha bila utaratibu kunaweza kukausha chanzo kinachowahudumia maelfu ya watu walio chini.

Hapa ndipo utaratibu wa ngazi mbalimbali unapohitajika. Upimaji wa mita 60 na uwekaji wa vigingi vya mipaka hufanywa na wataalamu wa ofisi ya bonde kwa kushirikiana na halmashauri, serikali ya kijiji na jumuiya ya watumia maji, ili kila mwenye shamba ajue mpaka ulipo. Pale chanzo kinapokuwa na umuhimu mkubwa, Waziri mwenye dhamana ya maji anaweza kukitangaza katika Gazeti la Serikali kuwa eneo tengefu, na shughuli za ndani yake zikawekewa masharti mahususi. Aidha, miongozo na mipango ya kijiji inaweza kuelekeza shughuli zisizo na madhara, kama vile ufugaji nyuki au upandaji wa miti inayotunza maji, ambazo humpatia mwananchi kipato bila kuvuruga udongo wa kando ya mto.

Kibali, ada na nani asiyehitaji

Mtu mwenye njia halali ya kufika kwenye chanzo anaruhusiwa kuchota maji kwa matumizi ya nyumbani bila kibali. Kadhalika, kukinga maji ya mvua ya paa kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Anayetaka kuchepusha, kuzuia, kuhifadhi au kuchota maji kwa ajili ya umwagiliaji, kiwanda, umeme, ufugaji mkubwa au utoaji huduma anatakiwa kuomba kibali cha kutumia maji katika bodi ya bonde. Kutiririsha majitaka kwenye chanzo kunahitaji kibali cha pekee, na uchimbaji wa visima unasimamiwa kwa vibali pia.

Kibali hutaja chanzo, kiasi cha maji, matumizi yaliyokusudiwa na masharti ya uhifadhi. Hakimfanyi mwenye nacho kuwa mmiliki wa maji. Wakati wa ukame bodi ina uwezo wa kupunguza kiasi kinachoruhusiwa, kwa kufuata kipaumbele kilichowekwa na sera: kwanza maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu, pili maji ya kutunza mazingira na mifumo ya ikolojia, kisha shughuli za kiuchumi. Kwa hiyo mwenye kibali kikubwa cha umwagiliaji hana haki ya kuukausha mto unaonywewa na kijiji kilicho chini yake.

Sheria inatambua pia haki za jadi za matumizi ya maji. Mifereji ya asili ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro na mabwawa madogo ya Wapare yaitwayo ndiva yalikuwa na viongozi, zamu na adhabu zake muda mrefu kabla ya sheria za kisasa. Jamii yenye haki ya namna hiyo inaweza kuiandikisha, na inashauriwa kufanya hivyo, kwa sababu haki iliyoandikwa ni rahisi kuitetea pale mwombaji mpya anapojitokeza juu ya mfereji.

Ada za matumizi ya maji zinazolipwa na mamlaka za maji, wazalishaji wa umeme, mashamba, viwanda na watumiaji wengine wenye vibali ni sehemu muhimu ya mapato ya bodi za mabonde. Fedha hizo hugharimia upimaji wa mito, doria, uwekaji wa mipaka na uundaji wa jumuiya. Kutolipa ada hakuwadhuru watumishi wa bodi. Hudhoofisha ulinzi wa chanzo ambacho mlipaji mwenyewe anakitegemea.

Mgogoro unapotokea

Mgogoro wa zamu za maji au uchepushaji huanzia kwenye Jumuiya ya Watumia Maji. Usipotatuliwa hupelekwa kwenye kamati ya kidakio pale ilipo, kisha bodi ya bonde, ambayo inaweza kutembelea eneo, kupima maji, kubadilisha masharti ya kibali au kukifuta. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ana nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ya maji.

Mgogoro wa mipaka ya shamba au matumizi ya ardhi una njia nyingine. Huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ambao hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji na kuthibitishwa na Mkutano Mkuu. Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Halina mamlaka ya kumlazimisha mtu kukubali usuluhishi, na asiyeridhika anaweza kuendelea kwenye vyombo vya juu. Uchafuzi wa mazingira unaweza pia kuripotiwa kwa ofisa mazingira wa halmashauri au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Funzo la miaka iliyopita

Historia ya nchi inaonyesha kwamba hifadhi ya udongo na maji hudumu pale wananchi wanaposhirikishwa katika uamuzi. Katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Mwaka 1955 upinzani wa wananchi ulifikia kiwango cha vurugu, na mpango huo ukaachwa.

Baada ya uhuru, Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973 kukabiliana na mmomonyoko mkubwa. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256 katika vilima vya Kondoa. Uoto ulirejea na makorongo mengi yakatulia, lakini gharama kwa wafugaji ilikuwa kubwa, na suala la kurudisha mifugo kwa utaratibu liliendelea kujadiliwa kwa miaka mingi.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulichukua njia tofauti. Badala ya kuleta utaratibu mpya, ulihuisha ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika ili itumike kiangazi. Familia na vijiji vilijiwekea ngitili zao, vikatumia sheria za kimila na sheria ndogo kuzilinda, na maeneo yaliyorejeshewa uoto yakafikia zaidi ya hekta 300,000. Tofauti kati ya mifano hiyo mitatu inatokana zaidi na nani aliyepanga na nani aliyesimamia kuliko utaalamu wa udongo uliotumika.

Mambo ambayo mwananchi anaweza kufanya

Mfumo huu hutegemea wananchi wanaohudhuria mikutano na kuuliza. Mwanakijiji ana haki ya kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji na kutaka kusomewa mapato na matumizi, yakiwemo yatokanayo na faini za mazingira. Anaweza kuuliza kama kijiji kina mpango wa matumizi ya ardhi uliokubaliwa, vyanzo vya maji vilivyoorodheshwa humo na sheria ndogo zilizoidhinishwa. Anayetozwa faini ana haki ya kuonyeshwa sheria ndogo inayotumika na kupewa stakabadhi halali ya Serikali.

Mtumiaji wa mto au chemchemi anaweza kujiunga na Jumuiya ya Watumia Maji ya eneo lake, kupiga kura katika uchaguzi wa viongozi na kugombea. Wanawake, ambao katika kaya nyingi ndio wanaojua kwanza pale kisima kinapoanza kupungua, wanahimizwa kuingia katika uongozi wa jumuiya na mabaraza ya ardhi badala ya kubaki katika kundi la wapokeaji wa taarifa. Pale ambapo hakuna jumuiya, watumiaji wanaweza kuomba ofisi ya bonde iwasaidie kuiunda. Ofisa mtendaji wa kijiji au kata anaweza kupeleka maombi hayo.

Anayetaka kuanzisha mradi wa umwagiliaji, bwawa la samaki, kiwanda cha matofali au kisima kirefu anashauriwa kufika ofisi ya bonde kabla ya kununua vifaa, kwa sababu kibali kinaweza kukataliwa au kupunguzwa kulingana na hali ya chanzo. Na anayeona mto umechepushwa, miti ya chanzo imekatwa au majitaka yametiririshwa, atoe taarifa mapema kwa jumuiya, kwa serikali ya kijiji au kwa ofisi ya bonde, akitaja mahali na muda, ili hatua zichukuliwe kabla maji hayajapungua kwa walio chini.